Srebrenica: Je, Wafu Hupimwa kwa Mizani?



Usiku mmoja baada ya tarawehe tulikaa barazani, pakazuka ubishi. Mwenzetu mmoja akasema, "Rwanda mwaka 1994 waliuawa zaidi ya watu laki nane. Srebrenica ni elfu nane. Sasa mbona nyinyi kila siku ni Bosnia tu?" Mwengine akaruka, "Kwa sababu wale ni Waislamu wenzetu!" Mimi naona wote wawili walikosea.

Kwanza tuijue kadhia yenyewe. Mji wa Srebrenica, mashariki mwa Bosnia, ulitangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1993 kuwa eneo la usalama. Julai 1995, askari wa Uholanzi wakiwa ndio walinzi, jeshi la Waserbia wa Bosnia chini ya Jenerali Ratko Mladić likauteka. Wanawake na watoto wakapakiwa mabasini. Wanaume na wavulana waliouawa kwa siku chache walizidi 8,000. Baadaye wauaji wakarudi na matingatinga, wakafukua maiti na kuzihamisha ili kuficha. Ndio maana mifupa ya mtu mmoja hupatikana katika makaburi mawili matatu. Kuna mama aliyezika mifupa michache ya mwanawe, kisha miaka imepita, akaambiwa imepatikana mengine, kaburi lifunguliwe tena. Hebu fikiria.

Mahakama ya The Hague iliamua mwaka 2001, na rufaa ya 2004 ikathibitisha, kuwa haya ni mauaji ya kimbari. Mkataba wa 1948 hautaji idadi. Unatazama nia ya kuliangamiza kundi, lote au sehemu yake. Basi yule wa laki nane jibu lake ni hilo. Tena mwaka 2024 ni Rwanda yenyewe, pamoja na Ujerumani, iliyopeleka Umoja wa Mataifa azimio la kuikumbuka Srebrenica kila tarehe 11 Julai. Nchi 84 ziliunga mkono, 19 zikapinga, 68 zikajizuia.

Na yule wa "Waislamu wenzetu" je? Kati ya 1941 na 1945, katika kambi ya Jasenovac, Waustasha wa Kroatia waliua makumi ya maelfu ya Waserbia, Mayahudi na Waroma. Wako Waislamu wa Bosnia waliowatumikia Waustasha hao. Mserbia akiitaja Jasenovac anasema kweli. Anapokosea ni pale anapoitumia kuifunika Srebrenica, maana kijana aliyepigwa risasi 1995 hakuwa hata amezaliwa. Lakini sisi nasi tukiiruka Jasenovac, tofauti yetu na yeye ni ipi?

Halafu iko Prijedor, ambayo hata barazani hakuna aliyeitaja. Mei 1992 wasiokuwa Waserbia waliamriwa watundike shuka nyeupe majumbani na kujifunga vitambaa vyeupe mkononi. Kisha zikaja kambi kama Omarska. Mahakama iliita hayo jinai dhidi ya binadamu, si kimbari. Watoto 102 waliuawa huko, na wazazi wao kwa miaka mingi walichodai ni mnara wa ukumbusho mjini mwao.