RAM kiasi gani? Hesabu za picha na wazee wa Mikindani

Nimekuwa kimya kidogo, kazi za darasani zimenibana. Leo sina umbea wa hosteli. Leo ni historia, ila historia yenye hela ndani yake, tena hela za kuchanga.

Tuko wanne. Tunataka kununua kompyuta ya mezani, mtumba, ya kuhariria video. Kazi yenyewe ni kurekodi wazee wa Mikindani na Mtwara mjini wanaoikumbuka reli ya mradi wa karanga, ile iliyokuwa inapanda kutoka huku pwani kwenda Nachingwea. Mnaujua mkasa: Waingereza walianza mradi 1947, wakaufuta 1951, halafu bandari ya kina kirefu ya Mtwara ikafunguliwa 1954 wakati karanga za kupakia meli hazipo. Reli ikaja kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sasa piga hesabu. Aliyekuwa na miaka kumi bandari inafunguliwa, leo ameshavuka themanini. Wazee hawa hawatusubiri sisi tubishane.

Na ubishi upo. Mmoja wetu anataka RAM ya GB 64 kwa sababu kuna jamaa kamwambia mtandaoni. Mwingine anasema GB 8 inatosha, hela nyingine tununue maiki. Mimi mtu wa historia nikasema jamani, tuangalie kwanza watu walifikaje hapa.

Bongo tulianza na kompyuta mapema kuliko wengi mnavyodhani. Wizara ya Fedha ilifunga ya kwanza mwaka 1965. Halafu mahesabu ya serikali yaliyowekwa humo yakaleta vurugu na gharama, fedha za kigeni hazipo, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ilikuja kulegea polepole hadi kwisha miaka ya 1990. Televisheni nayo ni hivyo hivyo: Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu miaka ya 1970, sisi wa bara tukasubiri mpaka 1994.

Kwa hiyo ufundi wa video huku haukuingia kupitia kompyuta. Uliingia kupitia mikanda ya VHS na harusi. Fundi alikuwa na deki mbili, moja inacheza, nyingine inarekodi, na kidole kwenye kitufe. RAM sifuri! Ila ukigundua dakika ya arobaini kwamba dakika ya tano umemkata bibi harusi, unarudia kuanzia hapo dakika ya tano. Na kila ukinakili mkanda, picha inazidi kufifia. Wakati filamu ya Girlfriend ya George Tyson inatoka mwaka 2003 na biashara ya filamu za Bongo inachangamka, kompyuta ilikuwa imeshaanza kuchukua kazi ya zile deki, na hapo ndipo swali la RAM lilipozaliwa kwetu.

Sasa shikeni kalamu, maana hapa ndipo penye utamu. Picha moja ya video ya zamani, mfumo wa PAL, ina nukta 720 kwa 576. Kila nukta inakula baiti 3 za rangi. Zidisha, unapata kama MB 1.2. Picha ya HD, 1920 kwa 1080, ni MB 6.2. Picha ya 4K, 3840 kwa 2160, inakaribia MB 25. Na sekunde moja ya video ina picha 25. Kwa maana hiyo GB 1 ya RAM ikijazwa picha tupu itabeba sekunde 32 za video ya zamani, sekunde 6 za HD, na sekunde moja na nusu tu ya 4K.

Mtu atauliza, mbona faili langu la dakika tano lina MB 300 tu? Kwa sababu kwenye diski limebanwa. Likiingia kwenye RAM kufanyiwa kazi lazima lifunguliwe, kama mkeka. Na hesabu yangu ni ya chini, programu nyingi hutumia zaidi ya baiti 3 kwa nukta zinapocheza na rangi.

Ndiyo maana kila picha ilipokua, RAM iliyokuwa ya kitajiri iligeuka ya kuanzia. Zama za Windows XP ya kawaida (2001), mashine haikuweza kutumia hata GB 4 kamili, mfumo wenyewe wa biti 32 ulikuwa na ukuta hapo. Premiere Pro ilipohamia biti 64 mwaka 2010, GB 4 ikawa ndiyo wanayopendekeza. Leo Adobe hao hao wanasema GB 8 ndiyo chini kabisa, GB 16 kwa HD, GB 32 kwenda juu kwa 4K. DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure, nayo inaanzia GB 16.

Sasa sisi tuna nini mkononi? Kamera moja ya kuazima ya HD na simu moja inayopiga 4K. Mzee amekaa barazani anasimulia, tunakata na kuunga. Hakuna milipuko wala herufi zinazopaa. Hiyo ni kazi ya GB 16. Ile 4K ya simu tutaitengenezea nakala ndogo, tukate kwa nakala, mwisho programu irudi kwenye faili halisi. Ujanja huo si mpya hata kidogo. Mashine za Avid za 1989 zilifanya hivyo, wahariri walikata kwa picha mbovu mbovu halafu wakarudi kwenye mkanda wenyewe.

Kusubiri bei nako nimekukataa. Bei ya RAM haina adabu. Mwaka 1993 kiwanda cha Sumitomo kililipuka kule Japani, bei ikaruka dunia nzima. Mwishoni mwa 2025 ikaruka tena, safari hii kwa sababu ya majengo ya kompyuta za akili bandia.

Basi msimamo wangu, na wenzangu wawili wameshaukubali: GB 16, vipande viwili vya GB 8, kwenye mashine yenye nafasi nne ili mbili zibaki wazi. Laptop nyembamba zenye RAM iliyochomelewa, hapana. Chenji inayobaki inanunua UPS na diski ya pili. RAM ni kitu kinachosahau kila kitu umeme ukikatika, na sauti ya mzee wa miaka 84 huwezi kwenda kuirekodi upya mwakani kwa uhakika. Wa GB 64 bado amenuna, atazoea.

Fundi anasubiri jibu Jumamosi. Na wewe msomaji wa huku Kusini, kama nyumbani kuna babu au bibi aliyewahi kuipanda treni ile, niandikie. Maiki tutaazima.