Montaigne na Maradhi ya Jiwe

Michel de Montaigne, bwana mmoja wa Ufaransa, alirithi kwa baba yake mashamba, ngome karibu na Bordeaux, na maradhi. Mzee Pierre Eyquem alifariki mwaka 1568 baada ya kuteswa miaka kadhaa na jiwe la kibofu. Mwana aliyaona mateso yale, na katika magonjwa yote hakuna alilolihofu kama hilo.

Mauti hayakuwa mageni kwake. Rafiki yake mpenzi, Étienne de La Boétie, alikufa mwaka 1563 akiwa na umri wa miaka 32. Na katika mabinti sita aliojaliwa Montaigne ni mmoja tu aliyekua. Mwaka 1571, akiwa amekwisha kuiacha kazi ya mahakama, alijitenga mnarani na vitabu vyake. Yapata mwaka 1572 aliandika kuwa kutafuta hekima ni kujifunza kufa: mauti yawazwe kila saa, yasije yakamkuta mtu hana silaha. Maneno hayo ni mazuri, lakini mwandishi wake alikuwa mtu mwenye siha.

Jiwe lilimjia alipokuwa na miaka 45 hivi. Lilimshika kwa saa nyingi za jasho, kutapika na kuzuiliwa mkojo. Kisha likitoka, uchungu ulikoma ghafula, akapanda farasi wake kama jana. Matabibu hakuwaamini, wala hakuacha kuwadhihaki. Mwaka 1580 alifunga safari ya miezi kumi na saba kupitia Ujerumani mpaka Italia, akioga na kunywa maji ya chemchemi zilizosifiwa kuponya. Daftari ya safari hiyo, iliyopatikana mwaka 1770, imehesabu vikombe vya maji alivyokunywa na mawe yaliyomtoka kwa uangalifu ambao msomaji mwenye haya angependa upungue kidogo.

Aligundua kwamba hofu ilikuwa imemwuma zaidi kabla ya jiwe lenyewe. Kila lilipomshika lilimfikisha mlangoni pa mauti, kisha likamrudisha. Akapazoea pale mlangoni. Katika kitabu cha tatu cha insha zake, kilichotoka mwaka 1588, akili yake inaibembeleza nafsi kwa hoja nyingi: maradhi haya ni ya umri wake, humpa nafasi ya kupumua, humzoesha kuagana na maisha kidogo kidogo. Baadhi ya hoja hizo zina harufu ya wakili anayetetea kesi ngumu, na Montaigne, aliyewahi kuwa hakimu, bila shaka aliisikia. Kisichohitaji utetezi ni furaha anayoieleza ya dakika ile jiwe linapotoka na mwili ukarudiwa na wepesi wake. Mwenye afya tangu asubuhi hadi jioni haijui furaha hiyo.

Shauri lake la mwaka 1572 halikusalimika. Tauni ilipoingia katika nchi yake mwaka 1585, aliwaona wakulima, wasiosoma Seneca wala Cicero, wakijichimbia makaburi wangali wazima, bila kelele. Baada ya hapo aliandika kwamba kujiandaa kwa mauti kumewatesa watu wengi kuliko mauti yenyewe, na kwamba asiyejua kufa asijisumbue. Maumbile yatamfundisha papo hapo.

Jiwe halikumwua. Alifariki tarehe 13 Septemba 1592, akiwa na umri wa miaka 59, kwa ugonjwa wa koo uliomnyang'anya kauli katika siku zake za mwisho.