Ngamia Wanapitia Wapi?

Wiki mbili zilizopita niliposti hapa ramani ya kambi ya wikendi. Niliichora kwa simu nikiwa kwa duka la abti wangu, hapa Modogashe: hema kumi na mbili kwa mistari miwili, mahali pa moto katikati, choo nyuma, migunga mikubwa ya karibu na lagha yote ndani, ua kuzunguka kila kitu, lango moja la magari. Nilisoma upangaji wa miji mwaka mmoja na nusu kabla karo haijaniangusha, kwa hivyo nilijiona fundi. Wasee mlipenda. Mkauliza bei, mkauliza lami ya kutoka Isiolo imefika wapi, mmoja akataka kujua kama kuna simba.

Ayeeyo hakuuliza bei. Alishika simu, akaiangalia karibu dakika nzima, akauliza, "Ngamia wanapitia wapi kwenda majini?"

Nikamwambia, ayeeyo, watazunguka.

Akanirudishia simu. "Basi umechora ile ya serikali."

Walahi nilicheka. Halafu usiku sikulala, kwa sababu nilijua anaongelea nini. Leo ni stori ndefu. Tulia.

Kwanza tuwekane sawa: watu wetu wamepanga kambi kabla ya mtu yeyote kuleta hema la zipu huku. Herio, ile nyumba ya mviringo ya mifupa ya miti na mikeka, inajengwa na wanawake, na ni mali yao. Inafunguliwa, inapakiwa kwa ngamia, inasimamishwa tena mahali pengine. Lakini kazi ngumu si kuisimamisha. Kazi ni kuchagua pale. Hukai ndani ya lagha, hata iwe kavu namna gani, kwa sababu mvua inaweza kunyesha mbali na wewe, kwako hakuna hata tone, na maji yakaja usiku. Hukai juu ya kisima pia, kwa sababu kila mnyama wa jirani na kila fisi anapita hapo. Mlango unaupa upepo mgongo. Mifugo inalala ndani ya ua wa miiba, na ua una njia ya kutokea asubuhi. Malisho yakichoka, mnahama. Ayeeyo alijua hayo yote akiwa msichana, na hakuna mtu aliyempa cheti.

Sasa ile kambi unayoijua wewe, ya kitalii, ina ukoo wake. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kwa urais wa Marekani, alikuja Kenya kuwinda. Alifika mpaka Ewaso Ng'iro, mto uleule ambao maji yake huku chini yanapotelea kwenye kinamasi cha Lorian, si mbali na sisi. Aliandika mwenyewe jinsi kambi yake ilivyopangwa. Mstari wa kwanza: hema lake, la kulia chakula, na za wazungu wenzake. Mstari wa pili: jikoni na stoo. Halafu nyuma kabisa vihema vidogo vya wapagazi, ambao walikuwa zaidi ya 200. Juu ya hema lake, bendera ya Marekani.

Cheki kambi nyingi za kifahari leo. Hema za wageni zinaangalia mto. Wafanyakazi wanalala nyuma ya kichaka, mahali ambapo picha haifiki. Mistari bado ni ileile. Na yangu ya simu? Mistari miwili, choo nyuma. Nilikuwa nimemnakili Roosevelt bila kujua.

Lakini ayeeyo hakusema "ile ya mzungu." Alisema ya serikali.

Wakoloni waliifunga NFD yote mwaka 1926: huingii wala hutoki bila pasi. Baada ya uhuru vikaja vita vya Shifta. Tarehe 28 Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya bendera kupandishwa, hali ya hatari ikatangazwa huku. Mwaka 1966 serikali ikaanza kukusanya wafugaji kwenye vijiji vya kulazimishwa. Kulikuwa na ua, askari, na kafyu. Ukipatikana nje bila ruhusa, wewe ni shifta. Mifugo ikabanwa sehemu moja mpaka nyasi ikaisha, ikafa kwa wingi, na watu waliokuwa na ngamia wakabaki wakingoja mgao wa chakula. Waborana wa Isiolo wanakiita kipindi hicho Daaba, wakati uliosimama. Makubaliano ya Arusha yalimaliza vita Oktoba 1967. Hali ya hatari yenyewe haikuondolewa mpaka 1991.

Ayeeyo alikuwa na miaka kama kumi na moja 1966. Huwa haongei sana juu ya njaa. Anachorudia ni lango: kwamba asubuhi mifugo ilikuwa inalia, na mtu wa kuamua ifunguliwe saa ngapi alikuwa hajui jina la mnyama hata mmoja.

Mwaka huohuo wa 1991 Ifo ikafunguliwa pale Dadaab, kaunti hii yetu. Hagadera na Dagahaley zikafuata 1992. Zilipangwa kwa watu 90,000 hivi. Wakati wa ukame wa 2011 zilipita laki nne. Kitaalamu kanuni za kambi za wakimbizi si mbaya hata kidogo. UNHCR inataka mita za mraba 45 kwa kila mtu. Inataka uwazi wa mita 30 kila baada ya mita 300 za nyumba, ili moto usiruke. Kiwango cha choo ni kisizidi mita 50 kutoka mahali unapolala. Mimi kanuni za moto na choo nimezichukua zote. Shida ya Dadaab haikuwa vipimo. Watu walizaliwa pale, wakakua, wakaoa, na bado walihitaji karatasi ya kuwaruhusu kwenda Garissa mjini.

Kwa hivyo nilijiuliza: kambi ya kupumzika na kambi ya kufungiwa zinatofautiana nini kwenye karatasi? Zote zina hema. Zote zina maji kwa foleni, moto, choo na ua. Chora zote mbili kutoka juu, kama droni, uone kama utazitambua haraka. Tofauti iko kwa lango: nani analifunga, na limezuia njia ya nani.

Kuna mtu aliyepindua hiyo ramani karibu na sisi. Mwaka 1970 George Adamson, aliyekuwa mlinzi wa wanyama wa NFD, alihamia Kora, kando ya Tana, na ndugu yake Terence akamjengea Kampi ya Simba. Ua ulizunguka watu, na simba wakawa nje wanatembea. Sisemi Adamson alikuwa malaika. Yeye na wafugaji wetu waligombana sana juu ya malisho, na mwaka 1989 aliuawa na majambazi hukohuko. Lakini kama somo la kuchora, lile ni kali: mgeni ndiye anayezungushiwa ua, ardhi inabaki wazi.

Somo la pili lilinitoka mbali zaidi, California. Miaka ya 1920 Wamarekani walipata magari, wakaanza kuendesha mpaka chini ya ile miti mirefu ya redwood na kupiga hema popote. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea, Emilio Meinecke, akagundua kwamba matairi na miguu vinashindilia udongo, mizizi inakosa hewa na maji, na mti unakufa polepole huku watu bado wanausifia kivuli. Mwaka 1932 aliandika mwongozo ambao ukawa msingi wa kambi za magari duniani: barabara ya kuzunguka ya kwenda upande mmoja, kila gari na kijinafasi chake cha kuegesha, mawe au magogo ya kulizuia lisisogee kwa mti, na kila hema na mahali pake.

Nilimsomea ayeeyo hiyo. Akasema, "Si wangehama tu?"

Na hapo ndipo nilielewa. Meinecke aliifunga kambi mahali pamoja ili mti upone. Ayeeyo aliihamisha kambi ili mti upone. Ugonjwa waliujua wote wawili. Ni yule wa kwanza tu aliyeandika kitabu.

Ramani mpya ni hii. Hema sita, si kumi na mbili, na zitatumia sehemu mbili kwa zamu: msimu huu hapa, msimu ujao kule, ya kwanza ipumzike. Magari yanaishia mbali na migunga, unatembea na begi lako kama binadamu. Hakuna hema ndani ya lagha, hata ukiniomba kwa ajili ya picha. Ua wa miiba ni wa jikoni na malazi pekee, na una matokeo mawili. Njia ya ngamia inapita palepale ilipokuwa. Wakipita saa kumi na mbili asubuhi na kengele zao za mbao, utaamka. Hiyo ni sehemu ya bei.

Na kitu kikubwa: hiyo ardhi si yangu. Ni ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema makubaliano ya uwekezaji lazima yapite kwa mkutano wa wanajamii, theluthi mbili ya watu wazima wakubali. Januari 2025 mahakama ilisema hifadhi mbili za Isiolo, Biliqo Bulesa na Cherab, ziliundwa kinyume cha sheria, bila wenyeji kushirikishwa vizuri. Kwa hivyo wewe mwenye mradi unayenitumia ujumbe tufanye haraka kabla wazee hawajajua, jibu ni hapana. Wazee wataona ramani kwanza.

Ayeeyo ameshaiona. Bado hajaikubali. Anasema jikoni nimeiweka upande ambao upepo utapeleka moshi wote kwa hema za wageni. Nachora tena.