Mwenye Ghala Naye Anauza Nini?

Jumapili iliyopita mpwa wangu alinijia nyumbani na karatasi tatu mkononi. Kijana huyu huuza vyombo vya jikoni kwa simu. Wateja wake wako Mwanza, Mbeya na Dodoma, na wengi hawajapata kumwona uso. Sasa amekusanya mtaji wa kuleta kontena zima la futi 20 kutoka China, la kwanza maishani mwake, na hana pa kuliweka. Anatafuta ghala karibu na bandari ya Dar es Salaam ambalo litaupokea mzigo, litauhesabu na kuutunza, na kila mteja akiagiza litafunga kifurushi na kukipeleka stendi ya mabasi. Makampuni matatu yamempa bei. "Mjomba," akaniuliza, "lipi lina nafuu?"

Nikamwambia swali hilo ni zuri lakini ni la pili. La kwanza ni hili: mwenye ghala naye anauza nini?

Alinitazama kama mtu anayedhani mjomba ameanza kuzeeka. Basi ndugu msikilizaji, jibu nililompa kwa saa nzima naomba nikupe wewe kwa dakika chache. Linaanzia Unguja.

Katika karne ya 19, bandari ya Unguja ilikuwa na mizigo kuliko bandari nyingine yoyote ya pwani yetu. Pembe za ndovu, karafuu na sandarusi zilitoka. Nguo za Marekani, shanga na bunduki ziliingia. Sultani Seyyid Said hakuwa na maofisa wa forodha wa kuajiriwa. Aliikodisha forodha yote kwa mfanyabiashara mmoja, ambaye alilipa kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, kisha yeye mwenyewe akakusanya ushuru na kujilipa. Tangu miaka ya 1830, na kwa sehemu kubwa ya nusu karne iliyofuata, mfanyabiashara huyo alikuwa nyumba ya Jairam Shivji, yenye asili ya Kutch, India. Mwaka 1859 kodi hiyo ilifika kiasi cha riale 196,000. Jairam aliporudi kwao, kazi ilishikwa na wakala wake, Ladha Damji.

Hapo hakuna kosa. Serikali nyingi za zamani zilikodisha ushuru wao. Shida ni kwamba Jairam hakuwa mkusanya ushuru tu. Alikuwa pia mnunuzi, muuzaji na mkopeshaji wa mtaji. Kila mzigo ulioshuka ulipita mbele ya macho yake kabla mwenyewe hajaufungua. Alijua nani kaleta nini, kiasi gani, na nani yuko mbioni kuuza kwa sababu ana deni. Mara nyingi deni lenyewe lilikuwa kwake.

Mwaka 1837 alifika Unguja balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mtu wa Salem. Ubalozi haukumzuia kufanya biashara, na hakuchelewa kuelewa mji. Alishirikiana na Jairam, na kwa miaka kadhaa biashara kubwa ya Wamarekani ikapita mikononi mwao wawili. Wafanyabiashara wengine, Waingereza na hata Wamarekani wenzake, walilalamika sana. Mkataba wa mwaka 1833 uliwapa Wamarekani wote haki ya kuuza na kununua kwa ushuru wa asilimia 5. Karatasi ilisema hivyo. Lakini wanunuzi wengi mjini walikuwa na madeni kwa Jairam, na mtu mwenye deni hamkasirishi aliyemkopesha kwa ajili ya mgeni aliyeshuka jana melini.

Na serikali yenyewe haikupona. Ilikopa kwa mkodishaji wake mwaka hadi mwaka, hata Sultani Majid alipofariki mwaka 1870 deni lilikuwa limepita riale nusu milioni. Mtunza mlango alikuwa anamdai mwenye nyumba!

Usije ukadhani nasema ya vitabuni tu. Mwaka 1994 mimi na wenzangu watatu tuliagiza vyerehani vilivyotumika kutoka Ulaya. Tukaviweka kwenye ghala la bwana mmoja, si mbali na bandari, kwa sababu bei yake ilikuwa ndogo kuliko zote. Hatukuuliza lolote. Tulipokwenda kuchukua, mara karani yuko msibani, mara ufunguo hauonekani, mara hesabu haijakamilika. Tulizungushwa wiki tano, na kila siku gharama ya kuhifadhi ikipanda. Ndipo mwenzetu mmoja alipopita Kariakoo akakuta duka lina vyerehani vya aina ileile ya vyetu, vimepangwa hadi kwenye baraza. Duka lilikuwa la bwana wa ghala. Havikuwa vyetu, tuseme kweli, alileta vyake. Ila alitaka vyake viishe kwanza. Tulipopata vyetu bei ilikuwa imekwisha anguka, na mwenzetu aliyekuwa ameweka rehani nyumba yake alipoteza kila alichotia.

Wakubwa hawangojei kufundishwa hivyo. Wabelgiji, waliokuwa wakitawala Kongo na kupewa Rwanda na Burundi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walijua kuwa mizigo yao itapita Tanganyika ya Mwingereza. Hawakutaka kukaa katika ghala la mtu mwingine. Kwa mkataba wa Machi 1921 walipata maeneo yao wenyewe, Dar es Salaam na Kigoma, kwa faranga moja kwa mwaka, milele. Wakongwe wa bandarini watakumbuka jina la Belbase. Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere aliliambia Bunge kuwa Tanganyika haitafungwa na neno hilo "milele". Jirani kupitisha mzigo wake hakumkera. Kilichomkera ni mkoloni mmoja kumgawia mwenzake ardhi isiyo yake, bila mwisho.

Makontena yamebadilisha mengi. Tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal X iliondoka Newark, Marekani, na masanduku 58 ya chuma. Leo sanduku linafungwa lakiri kiwandani na huenda lisifunguliwe hadi ghalani kwako. Mwizi wa gatini amepungukiwa kazi. Lakini saa zimekuwa mbili: bandari inahesabu siku za mzigo kukaa, na mwenye meli anahesabu siku za kontena lake kutorudi. Ghala likichelewa kupakua, saa zote mbili zinakula mfukoni mwa mwenye mzigo.

Kwa hiyo tulizitandaza zile karatasi tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa na bei ndogo mno ya kupokea mzigo, na bei kubwa ya kila siku unayokaa. Huyo hatakuwa na haraka ya kuutoa. Ya pili ilitoza kidogo kwa kukaa, na zaidi kwa kila kifurushi kinachotoka kwenda kwa mteja. Huyo riziki yake inatoka mzigo ukitoka. Ya tatu ilikuwa rahisi kuliko zote kwa jumla, na mpwa wangu alikuwa amekwisha itia alama ya vema kwa kalamu nyekundu.

Nikamwambia apige simu hapohapo, aulize kama kampuni hiyo ina biashara nyingine. Akapiga. Sauti ya mama mmoja mchangamfu ikajibu kuwa ndiyo, wana duka, tena karibu sana, na kama anahitaji sufuria au sahani za jumla wanaweza kumpa bei nzuri.

Akakata simu, akaanza kuisoma upya ile karatasi ya pili.