Usiuze Honda ya Mshua kwa Kilo! Historia ya Pikipiki za Kijapani Uchagani

Kila Desemba, Wachaga wanapopanda nyumbani "kuhesabiwa", kuna chuma kinakutwa stoo kule Marangu, Kibosho au Machame. Kimeegemezwa ukutani nyuma ya magunia, matairi yamelala, kuku wanatagia kwenye siti. Ni Honda au Yamaha ya mshua, au ya babu kabisa. Mara nyingi maamuzi ni ya dakika tano tu: anaitwa mtu wa chuma chakavu, inapimwa kwa kilo, hela inaishia kwenye nyama choma. Wadau, kabla hamjafika huko, someni kwanza hii.

Miaka ya 70 na 80 pikipiki mlimani haikuwa ya kila mtu. Aliyekuwa nayo ni bwana shamba anayezungukia mibuni, padri, mchungaji, mganga wa zahanati. Masika ikikolea, gari lilikwama kwenye tope, pikipiki ikapita katikati ya migomba. Halafu ikaja Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, na baada yake fedha za kigeni zikawa shida nchi nzima. Spea zikaadimika. Fundi alilazimika kuchonga, kuchomelea na kuunga hadi mambo yalipoanza kulegea enzi za Mzee Ruksa. Kwa hiyo ukiona Honda ya zamani ina boliti isiyo yake, usicheke. Hiyo boliti ndiyo iliyomfikisha mtu kazini.

Sasa sikia jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Mwaka 1976 Honda walitoa pikipiki inaitwa CG125. Kabla ya hapo injini yao ya 125 ilikuwa na kemshafti juu, kwenye kichwa cha silinda. Kwenye nchi kama zetu watu walikuwa wanapakia mizigo, wanachelewa kumwaga oili, na vyuma vya juu vinakufa mapema kwa kukosa ulainisho. Honda wakaishusha kemshafti chini, valvu zikawa zinasukumwa na vijiti virefu. Cheni nayo wakaifunika isile vumbi. Yaani mashine ilibuniwa kwa ajili ya mtu anayesahau sevisi!

Wachina wakaipenda injini hiyo, wakaikopi kwa wingi. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaza vijiwe vya bodaboda Bongo miaka ya 2000, kabla ya kanuni za leseni za mwaka 2010, zilikuja na injini ya ukoo huo huo. Boxer na TVS ni za Kihindi, hizo zina ukoo mwingine. Kwa hiyo toyo zilizoifukuza Honda ya mzee barabarani ndizo hizo hizo zilizoijazia Moshi mjini spea zake. Pistoni, ringi, krachi, kabureta, vingi vinaingia, ila pima kwanza kabla ya kulipa. Kama chuma chenu ni Yamaha ya kuchanganya oili na petroli, jipange zaidi, maana spea zake si za kila duka.

Ukiamua kuifufua, anza na kisichoonekana Insta. Safisha tenki, kutu ikiingia kwenye kabureta utasukuma. Fungua silinda uone kama inahitaji kuchongwa. CG za mwanzo zina umeme wa volti 6, taa yake ni kama kibatari. Mafundi wengi wanahamia volti 12 na kuweka CDI ili mtu atembee usiku bila presha. Rangi na siti ya kushona vije mwisho.

Breki ndiyo habari kubwa zaidi. Chuma hiki kina breki za ngoma, na kushuka Kibosho hadi mjini ni mteremko unaokwenda na kwenda. Shuka kwa gia, weka viatu vipya vya breki, na usikubali fundi akate fremu ili tu ifanane na picha ya mtandaoni. Pia mjini Moshi ni chini ya mita 1,000, wakati lango la Marangu ni zaidi ya mita 1,800. Huko juu hewa ni nyepesi, petroli inazidi kwenye mchanganyiko, plagi inakuwa nyeusi. Kama unaishi juu na unafanya kazi mjini, mwambie fundi arekebishe kabureta kwa safari zote mbili.

La mwisho ndilo linaloumiza familia. Pikipiki ya marehemu ni mali ya mirathi hata kama imeota kutu. Wapo waliomaliza kuitengeneza, inang'aa, ndipo kaka wa Dar akakumbuka kwamba na yeye ana baba. Kaeni kikao kabla ya kununua hata plagi. Tafuteni kadi, linganisheni namba ya injini na ya fremu, kisha mfuateni TRA kwa ajili ya jina. Mama naye aulizwe, maana huenda ndiye aliyebebwa nyuma ya hiyo siti akiwa na ujauzito wako.

Haya wadau, kwenu ipo ipi, na ameikalia nani?