Jubaland: Jimbo la Mto Juba na Visiwa vya Wabajuni

Jubaland ni jimbo la kusini mwa Somalia, linalopakana na Kenya na Ethiopia. Lina mikoa mitatu: Gedo, Juba ya Kati na Juba ya Chini. Bandari yake kuu ni Kismayo, na kusini mwa mji huo vimepangana visiwa vya Wabajuni, vikiwemo Koyama, Chovai, Chula na Fuma.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziliitambua Kismayo kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Baadaye Waingereza walilitawala eneo hilo pamoja na Kenya, hadi walipolikabidhi kwa Italia mwaka 1925. Mwaka 1960 liliingia katika Somalia huru, na mwaka 2013 ukaundwa utawala wa jimbo chini ya Ahmed Madobe.

Bara hutegemea mifugo na mashamba ya kando ya Mto Juba. Pwani huishi kwa uvuvi. Mkaa uliosafirishwa kupitia Kismayo ulipigwa marufuku na Umoja wa Mataifa mwaka 2012.

Wabajuni husema Kibajuni, lahaja ya Kiswahili, na walisifika kwa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari. Serikali ilipoanguka mwaka 1991, wengi waliporwa na kuvihama visiwa, wakakimbilia Kenya. Huko waliwakuta Wabajuni wenzao wa upande wa Lamu, kwani mpaka wa 1925 uligawa nchi, haukuigawa lugha.