Mlima Mzima wa Wasaliti

Juzi usiku binamu yangu alikuja na laptopu yake tukatazama Tinker Tailor Soldier Spy, ile filamu ya 2011. Kuna msaliti ndani ya idara ya ujasusi ya Uingereza, amekaa juu kabisa, na mzee aliyekwisha kustaafishwa anatumwa kumtafuta. Risasi ni chache. Wanaume wa makamo wanasoma mafaili na kutazamana. Binamu alikoroma baada ya nusu saa. Mimi nilibaki macho, maana kitu kimoja kilinisumbua: hawa watu wana subira, jamani! Majina ya kushuku wanayo, na bado hakuna anayeguswa mpaka ushahidi upatikane.

Hata katika maisha ya kweli ilikuwa hivyo. Kim Philby, ofisa wa ujasusi wa Uingereza aliyekuwa akiwafanyia Warusi kazi, alianza kushukiwa waziwazi mwaka 1951. Mwaka 1955 waziri alisimama bungeni London akasema hakuna sababu ya kumwita msaliti. Mwaka 1963 Philby akatoroka Beirut, akaibukia Moscow. Miaka kumi na miwili ya kushukiwa, na hakuna aliyemchomea nyumba.

Mimi nimezaliwa hapa Bura. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, na tangu hapo historia naisoma kwa bando la simu na vitabu vya kuazima. Chini ya kwetu inapita reli ya zamani ya Voi hadi Taveta. Tulipokuwa wadogo tulicheza juu ya mataruma tukidhani ni reli ya mizigo tu. Kumbe ni reli ya vita. Agosti 1914 Wajerumani walivuka kutoka Tanganyika wakaiteka Taveta, na mwaka uliofuata Waingereza wakaanza kutandika njia kutoka Voi kwenda kuwakabili. Ikapita Mwatate, ikapita hapa Bura, na kufikia katikati ya 1915 ilikuwa Maktau. Hata maji ya askari kule nyikani yalitoka kwenye vilima vyetu, kwa mabomba.

Wajerumani nao hawakukaa kungoja. Vikosi vyao vidogo vilipenya porini usiku, vikatega baruti kwenye reli ya Mombasa kwenda Nairobi, vikapotea. Ukiwa kamanda Mwingereza mwaka huo, swali lako kila asubuhi ni moja: nani anawaonyesha njia?

Aliyelipwa kulijibu alikuwa Richard Meinertzhagen, mkuu wa ujasusi wa Waingereza katika vita vya huku. Wanandi wanamjua: ndiye aliyemuua Koitalel arap Samoei mwaka 1905, walipokutana kwa mazungumzo. Huyu bwana alijisifu kwamba maajenti wake walikusanya karatasi zilizotumika vyooni katika kambi za Wajerumani, maana ofisa akiishiwa na karatasi hupangusia barua za kazi. Cheka tu, hata mimi nilicheka.

Kisa chake kingine hakichekeshi. Alisimulia kwamba kulikuwa na jasusi hodari wa Wajerumani aliyemsumbua sana. Hakumfuata kwa bunduki. Alimwandikia barua ya kumshukuru kwa habari nzuri alizoleta, akaweka na pesa, kisha akahakikisha barua inaangukia mikononi mwa Wajerumani wenyewe. Wakampiga risasi mtu wao.

Sasa, Meinertzhagen alikuwa mwongo. Mwaka 2007 Brian Garfield alichapisha kitabu kizima kuonyesha jinsi alivyopika mambo mengi katika shajara zake, na wataalamu wa ndege wamegundua kwamba aliiba ndege waliokaushwa kutoka makumbusho, akawabandika vibandiko vipya kana kwamba amewapata yeye. Kwa hiyo kisa cha barua huenda hakikutokea kamwe. Lakini hebu fikiria mtu anayeona fahari kusimulia hivyo. Kwake msaliti ni kitu unachoweza kukitengeneza mezani, kwa wino na noti chache.

Na sasa twende Kasigau. Sina sababu ya kusema Meinertzhagen ndiye aliyeamua yaliyotokea huko, na simsingizii. Mlima Kasigau uko kusini-mashariki ya Voi, na vijiji vitano viko miguuni pake: Rukanga, Jora, Makwasinyi, Kiteghe na Bungule. Waingereza walikuwa na kambi ndogo huko. Mwaka 1915 Wajerumani wakaishambulia, na swali lile la kila asubuhi likapata jibu la haraka: ni hawa wenyeji. Agosti 1915 nyumba zikachomwa, na watu wa Kasigau, wake kwa waume, watoto na vikongwe, wakahamishwa mpaka Malindi. Hawakushtakiwa mmoja mmoja. Mlima mzima ulikuwa msaliti.

Watu waliozoea hewa ya mlima waliwekwa kwenye joto la pwani bila mashamba. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alisalimu amri Novemba 1918 kule Abercorn. Wakasigau walikuwa bado hawajaruhusiwa kurudi kwao, na ikapita miaka mingi kabla warudi.

Je, kuna aliyewaonyesha Wajerumani njia? Labda. Njaa, fimbo au kipande cha kitambaa kinaweza kumfanya mtu aonyeshe njia, na hata pundamilia huacha njia porini. Lakini mtoto wa miaka miwili wa Bungule alimsaliti nani?

Pale makaburini Voi amezikwa Luteni Wilbur Dartnell, Mwaustralia aliyeuawa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915 akikataa kuwaacha majeruhi wake. Walimpa nishani ya Victoria Cross. Alistahili, sibishi. Kaburi lake lina jina.

Nilimweleza nyanya haya yote asubuhi, binamu bado amelala. Alikuwa anachambua mboga. Akaniuliza, "Na hao Wajerumani, wao hawakuwa na macho? Mlima wote ule, uonyeshwe na nani?"

Ukipanda basi la Mombasa, kaa upande wa kulia. Kuanzia Maungu utauona.